Fundi Tunamtaka, Chuo Chake Hatukitaki

Anayejenga nyumba leo Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya ana malalamiko mawili: bei ya saruji na uhaba wa fundi wa kuaminika. Fundi mzuri anasubiriwa. Namba yake ya simu inapita kwa jirani hadi kwa jirani, na akisema atafika Jumatatu, mwenye nyumba anaomba ruhusa kazini ili amkute. Mwenye nyumba huyohuyo, mtoto wake akipata daraja la nne kwenye mtihani wa kidato cha nne, atamlipia arudie kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ikishindikana, atamtafutia chuo chochote chenye neno utawala, biashara au uhasibu kwenye jina la kozi. Njia zote zikiziba ndipo husema, tena kwa sauti ya chini: basi, tumpeleke chuo cha ufundi, VETA.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba tuna kasumba. Wazazi, tunaambiwa, hawajaelewa umuhimu wa ufundi. Vijana wanachagua kazi. Jamii inahitaji kuelimishwa. Ndiyo maana mahafali ya vyuo vya ufundi hayakosi mgeni rasmi wa kuwasihi wazazi wabadili mtazamo. Si wageni rasmi wengi ambao mtoto wao yuko katika safu ya wahitimu wanaopigiwa makofi siku hiyo.

Mimi nashika upande wa mzazi. Nadhani anaelewa vizuri kuliko anavyodhaniwa. Anasoma matangazo ya kazi, anajua nani anakopesheka benki, anajua mkwe atauliza nini, na anapima. Dharau ipo na inaumiza, lakini haikuota hewani. Imeota juu ya sheria, mishahara na mitihani ambayo kwa muda mrefu imemwambia jambo moja: kazi ya mikono itakulisha, ila karatasi ndiyo itakayokulinda. Na pale ambapo karatasi ya fundi imeanza kumlinda mtu, mtazamo umegeuka bila semina.

Ufundi wenyewe ni wa kale kuliko shule. Mhunzi, mjenzi wa jahazi, mchonga milango wa Lamu na Zanzibar walikuwa na heshima na miiko yao. Wala si kweli kwamba elimu ya kigeni ilikuja na vitabu peke yake. Mapadri waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwafundisha useremala na uhunzi watoto waliokombolewa utumwani, na Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walijenga karakana ambazo mpaka leo watu wa Kusini huzitaja wakitaka kusifia mlango au kabati. Shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga, iliyoanza miaka ya 1890, ilikuwa na karakana pamoja na kiwanda cha chapa kilichochapisha gazeti la Kiongozi. Lakini mwanafunzi wa Tanga aliyekuja kutambulika hakuwa seremala. Alikuwa karani au akida, mwenye mshahara na mamlaka ya kuwatoza kodi wale waliobaki na randa na nyundo. Somo hilo halikuwa kwenye ratiba, na ndilo lililoeleweka upesi kuliko yote.

Waingereza nao walifungua shule za ufundi, Ifunda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Moshi miaka michache baadaye, kisha mwaka 1957 ikaja taasisi ya ufundi Dar es Salaam. Zilitoa mafundi hodari. Hata hivyo kijana mwenye akili aliyekuwa na pa kuchagua alikwenda shule ya serikali ya Tabora, kwenye vitabu.

Mwaka 1965 mtafiti Philip Foster alichapisha makala kuhusu Ghana ambayo mipango mingi ya elimu Afrika imepita pembeni yake bila kuijibu. Alisema shule ya ufundi haiwezi peke yake kubadili matamanio ya vijana, kwa sababu matamanio hayo hayatoki shuleni. Yanatoka kwenye soko la kazi. Wakati huo ofisi ndizo zilizolipa vizuri, na kijana aliyekwepa karakana akasomea ukarani alikuwa anafanya hesabu sahihi. Kwake yeye, shule ya vitabu ndiyo iliyokuwa shule ya kazi. Badili neno ofisi liwe utumishi wa umma, na hoja hiyo inasimama mpaka leo.

Tanzania ilijaribu kuipinga hoja hiyo kwa nia njema. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe na shamba na karakana na mtoto asijione mgeni kwa kazi ya wazazi wake. Vikafuata vituo vya ufundi vya baada ya elimu ya msingi, vyuo vya maendeleo ya wananchi kuanzia 1975, na michepuo ya sekondari: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Shuleni mambo yalikuwa mengine. Aliyechelewa namba alifyeka uwanja. Aliyeongea darasani alikwenda kuchota maji ya mwalimu. Aliyetoroka alipewa kisiki ang'oe, na aliyefanya vizuri alibaki kivulini na daftari lake. Mtoto aliyelelewa hivyo kwa miaka saba, ambaye jembe na panga amevishika kama adhabu, ukimwambia akiwa na miaka kumi na minne kwamba kazi ya mikono ni heshima, atakuitikia "ndiyo mwalimu" na kuomba usimchague.

Vile vituo vya baada ya elimu ya msingi vilikuwa na kasoro nyingine kubwa zaidi: viliwachukua waliokosa nafasi ya sekondari. Kasoro hiyo ndiyo tuliyoirithi nzima nzima. Ukiwa na mlango unaofunguliwa kwa walioshindwa tu, hata ndani kukiwa na mashine za dhahabu, anayeingia ataonekana ameshindwa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri kabla madaraja hayajapangwa upya, yaliwarundika watoto wengi mlangoni hapo kwa mkupuo. Viongozi wengi waliona suluhisho ni lilelile: waende VETA. Hakuna aliyeuliza kama kijana aliyefeli hisabati kwa sababu hakuwa na mwalimu wa hisabati ataweza kukokotoa mzigo wa umeme wa nyumba ya vyumba vitano.

Hapa niseme wazi jambo ambalo wasio mafundi hulisahau. Ufundi si kimbilio la wasiopenda kufikiri. Mwanafunzi wa ufundi mitambo huanza na kipande cha chuma na tupa. Anaambiwa akipige tupa mpaka pande zote zinyooke na pembe ziwe za mraba kamili. Anapiga siku ya kwanza, mkono unauma. Anapiga siku ya pili, mwalimu anaweka kipimo cha pembe cha chuma pembeni, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, mwanga unapenya kwenye kona moja. Rudia. Kosa lenyewe ni dogo kuliko unene wa ukucha, lakini kwenye gia au beringi kosa hilo ni mashine kufa. Baadaye inakuja michoro: kutazama mistari kwenye karatasi na kuona kitu chenye pande zote sita kichwani kabla hakijawepo. Anayefaulu hapo hakukosa akili. Alikosa alama kwenye mtihani uliopima kitu kingine.

Turudi kwenye hesabu za mzazi. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Fedha zake zingetoka kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwajiri hulipa kwa asilimia ya mishahara ya wafanyakazi wake. Ilikuwa asilimia 6, na tangu 2013 imekuwa ikipunguzwa kidogo kidogo. Wazo ni zuri: anayefaidika na fundi ndiye amgharamie. Lakini kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyotengewa VETA. Theluthi mbili zilikwenda Hazina, na sehemu ikasaidia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Kwa maneno mengine, fedha iliyokatwa kwa jina la fundi mchundo ilimsomesha mwanasheria. Waajiri wamelilalamikia jambo hili mara nyingi, ingawa niongeze kwamba kilio chao huwa zaidi ni tozo ipungue kuliko fundi apate haki yake.

Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa shahada. Mikopo ya ngazi ya stashahada ilifunguliwa mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani zilizochaguliwa. Ngazi ya ufundi stadi ikabaki nje. Utetezi upo: ada ya VETA ni ndogo, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ni kweli ni ndogo. Lakini wa kutwa anahitaji chumba mjini, nauli, chakula, ovaroli, na buti za kazi. Mwenzake wa chuo kikuu analipiwa chakula na malazi kwa mkopo. Dola inapomkopesha mmoja hela ya kula na kumwacha mwingine, imeshatamka nani ni wa thamani, hata kama haikukusudia.

Kisha kuna ajira yenyewe. Mwaka 2004 serikali ilifanya kidato cha nne kuwa sifa ya chini ya kuingia katika utumishi wa umma. Soma tangazo lolote la nafasi ya dereva au fundi katika halmashauri, utaona cheti cha ufundi kimetajwa, na kando yake cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2017, katika uhakiki wa vyeti uliowaondoa kazini watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, waliguswa pia watumishi wa darasa la saba ambao hawakughushi chochote: madereva, wahudumu, walinzi. Mwaka uliofuata serikali ikaagiza wengi wao warudishwe. Wengi walirudi. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi ya mzazi aliyeshuhudia. Dereva aliyeendesha gari la serikali miaka kumi bila ajali, ujuzi wake unaonekana kila siku asubuhi barabarani, na bado kilichoamua hatima yake ni karatasi ya mtihani wenye maswali ya jiografia. Baada ya hapo nani atamlaumu mzazi anayesema, "Kwanza upate hicho cheti cha fomu foo, ufundi utasoma baadaye"?

Heshima ya mtaani nayo hufuata njia hiyohiyo. Mtumishi anakopa benki kwa dhamana ya mshahara. Fundi anayeingiza fedha nyingi kuliko mtumishi huyo hukopa kwa jirani, kwa kuwa mapato yake hayana karatasi. Mtumishi akiugua ana bima. Fundi akianguka kwenye kiunzi, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa kuchanga. Mkwe akiuliza "kijana anafanya kazi wapi," anatafuta jengo lenye jina. Jibu la "anachomelea mageti, ana karakana yake" linahitaji maelezo ya ziada, na kwenye posa maelezo ya ziada si dalili njema. Inglishi midiamu nazo zimeongeza uzito: mzazi aliyelipa mamilioni tangu chekechea ili mtoto aongee Kiingereza hawezi kumwona kwenye ovaroli bila kuhisi ameibiwa.

Sasa tuangalie upande wa pili: cheti hiki kina thamani gani kwa aliyekipata? Jibu la jumla halipo, na wanaolitoa, wa kusifia na wa kubeza, wote wanakosea. Thamani inategemea fani, na tofauti kati ya fani na fani ni kubwa mno.

Chukua umeme. Ukitaka TANESCO wakuletee umeme nyumbani, lazima mfumo wa nyaya uwe umethibitishwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Leseni hizo zina madaraja, na huzipati bila sifa ya masomo. Matokeo yake tunayaona. Kuna mafundi wengi wa mtaani wanaojua kusuka nyaya vizuri kabisa, waliojifunza kwa kubeba ngazi ya mtu mwingine. Wakimaliza nyumba, wanamtafuta mwenye leseni "awagongee mhuri," na mhuri una bei. Mchezo huo si halali na mara nyingine ni wa hatari, kwa kuwa anayegonga hakupanda darini kutazama. Lakini unatuambia kitu kwa shilingi taslimu: cheti kinachodaiwa na mtu kina soko. Nenda ukaulize wazazi kuhusu fundi umeme. Sauti yao si ile ya chini ya mwanzo wa makala haya.

Uashi ni kinyume chake. Nyumba ya kuishi inaweza kujengwa na yeyote aliyeaminiwa na mwenye kiwanja. Hakuna anayeuliza leseni ya mwashi wala ya fundi vigae, na fundi maiko wa kubahatisha ana haki ileile ya kupandisha ukuta kama mhitimu wa miaka mitatu. Mhitimu anatoka chuoni akijua kusoma ramani na kupima mchanganyiko wa zege. Sokoni anakutana na kijana aliyeanza kama saidia fundi, akabeba ndoo, akajifunza kwa macho, na ambaye ana kitu asichokuwa nacho yeye: wateja. Mwenye nyumba anachagua bei. Ukuta ukipasuka baada ya masika mawili, analaumu mafundi wote kwa pamoja. Sifa mbaya ya kazi nzima inatokana kwa sehemu na hapo: tumeacha lango wazi, kisha tunashangaa nani kaingia. Ushonaji uko hivyohivyo, na useremala kwa kiasi kikubwa.

Uchomeleaji unaonyesha pande zote mbili kwa mkono mmoja. Wa mageti na madirisha anashindana na mtaa mzima. Wa mabomba yenye mgandamizo mkubwa ni mtu mwingine, kwa sababu kampuni ya gesi au mafuta haipokei kiungo ambacho hakikupimwa, na mchomeleaji mwenyewe hupimwa kabla hajagusa kazi. Gesi ilipopatikana Kusini, vyuo vya VETA vya Lindi na Mtwara vilianza kuwaandaa vijana kwa vyeti vinavyotambuliwa kimataifa, na bomba la mafuta ghafi la kwenda Chongoleani, Tanga, likaongeza mahitaji hayo. Migodini kampuni za madini ziliingia ubia na chuo cha VETA Moshi kufundisha mafundi wa mitambo ya migodi, na nafasi zake zikagombewa. Hakuna aliyewaambia wazazi wabadili mtazamo. Waliona gari la kampuni likija kumchukua kijana wa jirani.

Ni kweli pia kwamba mradi mkubwa huisha. Mchomeleaji wa bomba bomba likikamilika, na fundi nondo wa reli reli ikifika, hurudi nyumbani na cheti kizuri na miezi mirefu bila mkataba. Mzazi hulihesabu hilo vilevile.

Kuna kundi ambalo mjadala huu huwa unalipita: waliojifunzia mtaani, ambao ndio wengi kuliko wote. Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kijana anayeanza gereji hupewa kazi ya kuosha vipuri kwa dizeli na kupasia spana. Halipwi, anapewa hela ya kula. Miezi inapita anashika boliti, miaka inapita anafungua injini, na siku moja bosi akiwa msibani anaachiwa gari la mteja. Hana cheti na hana mkataba, ila injini akiisikia tu anajua tatizo liko wapi. VETA ina utaratibu wa kumpima mtu kama huyu alipo, kumjazia mapengo na kumpa cheti. Serikali imekuwa ikiulipia kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi. Ni moja ya sera zetu nzuri ambazo hazisifiwi. Mafundi wanaupokea kwa namna tofauti, na tofauti yenyewe inafundisha. Mpishi wa hoteli na dereva wa mitambo wanakifuata cheti, kwani mwajiri atakitaka. Fundi viatu anauliza, "Nitampelekea nani?" Ni swali la haki.

Tatizo la vifaa ni fupi kulisema na gumu kulitatua. Mhitimu wa ualimu anahitaji chaki ya mwajiri. Mhitimu wa ushonaji anahitaji cherehani yake, na mhitimu wa uchomeleaji mashine, grinda na chumba chenye umeme wa kutosha. Tunamwambia ajiajiri huku mikono mitupu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, imewekwa zaidi kwa vikundi, wakati fundi kwa tabia ya kazi yake ni mtu mmoja na mteja wake. Vijana huunda kikundi cha kupata mkopo, wanagawana fedha, kikundi kinakufa. Marejesho yakikwama, lawama inawaendea vijana.

Waajiri wa viwandani wana lao. Husema mhitimu anakuja akijua nadharia ya mashine ambayo kiwandani ilitupwa zamani. Mara nyingi wako sahihi, japo wengi wao hawataki mwanafunzi wa mafunzo kazini aguse mashine yao mpya asije akaiharibu. Viongozi wetu hupenda kutaja Ujerumani hapa, na ziara za kujifunza huko hazijawahi kukosa bajeti. Kinachosahaulika wakirudi ni kwamba kule kijana huajiriwa kwanza. Anasaini mkataba na kampuni, analipwa posho kila mwezi, anakwenda shule siku moja au mbili za wiki, na sheria ya mwaka 1969 inamlinda. Kampuni ndiyo inayochagua na kufundisha. Zaidi ya hapo, tangu 2009 fundi mkuu wa Kijerumani anaweza kuingia chuo kikuu kwa sifa yake ya ufundi. Sisi tumenakili jengo la karakana, mkataba tukauacha uwanja wa ndege.

Majirani zetu Kenya wametoa majaribio mawili yanayostahili kutazamwa pamoja. La kwanza ni mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, uliowataka watoto wote wasome useremala, sayansikimu, sanaa na kilimo. Wazazi walichangishwa kujenga karakana, mtihani ukabaki ndiyo mfalme, na mwaka 2002 masomo mengi ya vitendo yakapunguzwa. La pili ni la 2018: serikali ilianza kumlipia mwanafunzi wa chuo cha ufundi shilingi 30,000 za Kenya kwa mwaka, mikopo ya HELB, bodi yao ya mikopo ya wanafunzi, ikawafikia, na nafasi zao zikagawiwa na mfumo uleule unaogawa za vyuo vikuu. Wanafunzi wakaongezeka kwa kasi. Malipo yamechelewa mara nyingi tangu hapo na vyuo vimelia, lakini utaratibu wa mambo uko wazi: fedha ilitangulia, mtazamo ukafuata.

Kenya hiyohiyo inatuonyesha ugonjwa ambao na sisi tunao. Mombasa kulikuwa na MIOME, taasisi iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwafundisha ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki, na iliyotoa mabaharia na mafundi wa meli wa pwani nzima. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi, 1972 politekniki, na 2013 chuo kikuu cha ufundi. Politekniki ya Kenya, iliyoko Nairobi, ilipanda cheo mwaka huohuo. Kisha ikabidi vyuo vingine vipandishwe kuwa politekniki kuziba pengo. Kwetu, ile taasisi ya Dar es Salaam ya 1957 ikawa chuo cha ufundi mwaka 1962 na leo ni DIT, taasisi ya teknolojia inayotoa shahada. Chuo cha Ufundi Mbeya leo ni chuo kikuu. Chuo cha Ufundi Arusha kimebaki na jina lake, lakini nacho kinatoa shahada. Siwalaumu wakuu wa vyuo hivyo. Bajeti, mishahara ya walimu na heshima ya mkuu vyote hupanda pamoja na cheo cha chuo. Ila matokeo yake ni kwamba chuo cha ufundi kikifanikiwa kweli, zawadi yake ni kuacha kuwa chuo cha ufundi. Wazazi wanatufuata tu.

Miaka ya karibuni kumetokea jambo jipya: wenye shahada wanajiunga VETA. Vyombo vya habari hulishangilia kama ushahidi kwamba kasumba imekwisha. Nina mashaka. Mwenye shahada ya maendeleo ya jamii anayesoma umeme hakuidharau shahada yake; anaiongezea mguu, kwa sababu ajira za serikali hazitoshi. Wasiwasi wangu ni kwa aliyeko chini yake. Kiti alichokaa mwenye shahada kilikuwa cha mtoto wa darasa la saba ambaye hana mlango mwingine. Vyuo vikianza kupenda wanafunzi wenye vyeti vizuri, na mwalimu gani hapendi, ufundi utapata heshima kwa kuwafukuza wale uliowekewa.

Wasichana wana hesabu yao ya ziada. Wengi husukumwa kwenye ushonaji, mapishi na saluni, fani zilezile ambazo soko la mtaani limejaa na cheti hakiulizwi. Kisha tunasema ufundi haujawasaidia wanawake. Binti aliyepelekwa umeme au mitambo mizito ana nafasi nzuri zaidi, akivuka maneno ya karakana na ya nyumbani.

Yote haya sasa yamefika kwenye jaribio kubwa kuliko lolote tangu 1967. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Nia ni kwamba anayesoma mkondo wa amali aondoke na elimu ya sekondari na ujuzi unaotambulika, vyote viwili. Serikali imekuwa ikijenga pia vyuo vya VETA katika wilaya zisizokuwa navyo. Mtoto sasa anaweza kuingia ufundi kabla hajafeli chochote, na hilo peke yake linastahili pongezi.

Walioanza kidato cha kwanza mwaka 2024 katika mkondo huo watamaliza 2027. Sitatazama hotuba za mahafali yao. Nitatazama kwanza ni shule zipi zilipewa mkondo wa amali, kwa sababu ukiwekwa kwenye shule za kata zisizo na umeme na kuachwa nje ya shule kongwe za bweni, wazazi watakuwa wameelewa kabla hatujamaliza kueleza. Kisha nitatazama kama aliyefaulu vizuri anaruhusiwa kuendelea hadi stashahada na shahada ya uhandisi bila kurudi nyuma kusomea cheti kingine. Na mwisho nitasubiri tangazo la kwanza la halmashauri la nafasi ya fundi baada ya 2027, nisome mstari wa sifa za mwombaji.